Makapi Niliyokuwa Nikimpa Ng'ombe

Nauza juisi karibu na soko la Kilombero, Arusha mjini, na huu ni mwaka wa 9. Kwa miaka 7 ya mwanzo kazi yangu, ukiitazama vizuri, ilikuwa kuwauzia watu maji ya matunda na kumlisha ng'ombe matunda yenyewe.

Saa 11 alfajiri nakuwa nimeshaamka. Namenya mananasi ya Kiwangwa, nakata machungwa ya Muheza, napasua pesheni zinazoshuka kutoka huku kwetu Meru, nasaga, nachuja. Kuchuja ndiko nilikokuwa najivunia. Nilikuwa na kitambaa chenye matundu madogo kuliko ya chujio la chai, na nilikamua mpaka mkono ukauma, ili mteja asikutane na chochote ulimini. Kilichobaki kwenye kitambaa, pamoja na mioyo ya mananasi na maganda, nilikitupia kwenye ndoo ya lita 20. Saa 4 jirani yangu mfugaji anapita na pikipiki, anachukua ndoo iliyojaa na kuniachia tupu. Jumamosi ananiletea maziwa lita 2. Biashara hiyo haikuwa na ugomvi. Kila mtu aliridhika, na ng'ombe kuliko wote: manyoya yalimng'aa, choo alipata muda wowote aliotaka, mbele ya yeyote.

Mimi nilikuwa napata choo mara 2 kwa wiki.

Kanisani kwetu Jumapili watu husimama kushuhudia. Mwingine ameponywa malaria iliyomlaza, mwingine kapata ada ya mtoto siku ya mwisho. Sijawahi kumsikia mtu akisimama kushuhudia habari za choo, na mimi sikuwa na moyo wa kuwa wa kwanza. Mzee wa kanisa angetazama viatu vyake mpaka nimalize. Ndiyo maana ushuhuda wangu nauandika.

Nilikuwa na umri wa miaka 41. Asubuhi chai ya maziwa na maandazi 3, au chapati. Mchana sahani ya chipsi mayai kutoka kibanda cha jirani, na soda, kwa sababu muuza juisi hunywa soda kama muuza samaki anavyotamani nyama. Usiku ugali wa sembe, ule mweupe kama karatasi, na nyama ya kukaanga. Mboga ilikuwepo, kijiko kimoja, kama pambo. Tumbo lilikuwa linajaa jioni mpaka nafungua kifungo cha sketi. Magoti yakaanza kuuma na nikasema ni baridi ya Arusha. Mwezi wa 7 huku ukungu wa Meru ukishuka kila kiungo kina malalamiko yake. Nikanywa haluli, nikanywa majani ya sena. Yalifungua njia kwa siku moja, kesho nikarudi palepale, na kila mara nikihitaji kidogo zaidi. Halafu masika ya 2024 nikaona damu.

Nani asiyejua mtu anawaza nini akiona damu chooni? Nilikaa na siri hiyo wiki 3. Sikumwambia hata mume wangu. Hilo ni kosa, na nalisema wazi: aliyeona damu aende hospitali siku hiyo hiyo, asianze na majani, asianze na nanasi, asianze na ushuhuda wa mtu kama mimi. Nilipokwenda hatimaye, daktari alinipima kwa njia ambayo sitaieleza, akasema ni bawasiri, siyo lile nililoogopa. Sukari ilikuwa imepanda bila kufika kwenye kisukari. Kipimo kingine cha damu kilionyesha kuna uvimbe unaowaka ndani ya mwili polepole, bila kidonda cha kuonekana. Akanituma kwa mtaalamu wa lishe.

Alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Aliniuliza nilichokula jana, akaandika, akanitazama.

“Mama, makapi-mlo yako ni machache mno.”

“Makapi?” nikasema. “Mwanangu, mimi makapi ninayo ndoo nzima kila siku.”

Akafikiri namtania. Nikamweleza kazi yangu, kitambaa changu, ng'ombe wa jirani. Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Baada ya hapo akaacha kucheka na kuniambia kwamba mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 kwa siku, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, na kwa orodha yangu sikuwa nafika hata nusu. Chungwa moja lina gramu 3 hivi. Glasi ya juisi ya chungwa iliyochujwa kwa kitambaa changu cha kujivunia ina karibu na sifuri. Sukari yote imo, ila kile kinachoizuia sukari isikimbilie kwenye damu kimekwenda kwa ng'ombe.

Neno lenyewe lilinikaa kichwani njia nzima, nimebanwa kwenye kifodi kati ya mama mwenye kuku na kijana mwenye redio. Makapi-mlo. Wengine husema nyuzinyuzi, na ni neno zuri, linapendeza masikioni. Lakini wataalamu wetu wa lishe wanaandika makapi-mlo, na nadhani wako sahihi zaidi kuliko walivyokusudia. Kwa Kiswahili kuitwa kapi ni tusi. Kapi ni kile kinachobaki baada ya wenye nguvu kuchukua walichokitaka. Pumba za mahindi ni makapi, tunazikoboa na kuwapa kuku na nguruwe ili sisi tule sembe. Maganda ni makapi. Watu wa zamani huku kwetu walikula dona kwa sababu hawakuwa na mashine ya kukoboa, na siku mashine ilipokuja tukala weupe na kuuita maendeleo.

Aliyenifundisha somo lenyewe, hata hivyo, ni mfugaji. Nilimwambia nilichoambiwa hospitali nikitegemea acheke naye. Hakucheka.

“Dada,” alisema, “ng'ombe mwenyewe hawezi kumeng'enya nyasi. Sisi tunawalisha wadudu walio tumboni mwake, nao wadudu wanamlisha yeye.”

Alikuwa amefundishwa hivyo kwenye semina ya wafugaji. Katika tumbo la kwanza la ng'ombe mna bakteria na viumbe wengine wadogo wasiohesabika, wanaovundisha majani na kutoa tindikali ambazo ng'ombe anazitumia kama nguvu. Ukiwaua hao, ng'ombe atakufa njaa huku tumbo limejaa nyasi. Ndiyo maana, akasema, ukimbadilishia ng'ombe chakula ghafla anavimba: wadudu hawajazoea. Hilo la kuvimba nililisikia kwa sikio moja. Ningelisikia kwa mawili ningejiepusha na aibu ninayokuja kuieleza.

Sisi nasi tuna shamba la namna hiyo, dogo zaidi na liko mwishoni, kwenye utumbo mpana. Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuvunja makapi-mlo. Yanapita tumboni, yanapita utumbo mwembamba mzima bila kuguswa, yanafika huko chini yakiwa bado chakula. Huko bakteria kwa matrilioni wanayangoja. Wanayachachua, wanazaliana, na kutoa tindikali fupi za mafuta: asetati, propionati na butirati. Hii ya mwisho ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotandaza ukuta wa utumbo. Yaani ukuta ule haulishwi na damu tu kama viungo vingine. Unategemea bakteria waupikie. Butirati hiyo hiyo huwatuliza askari wa mwili, wale wa kinga, ili wasipigane na kila kivuli.

Usipowaletea makapi, bakteria wengine wanakufa, na wengine wanageukia ute unaofunika ukuta na kuanza kuula. Wanasayansi walionyesha hivyo kwa panya, mwaka 2016: walipowanyima makapi-mlo, tabaka la ute likawa jembamba na vijidudu vya maradhi vikapenya kwa urahisi. Mpangaji asiyepewa kuni huchoma milango. Ukuta ukidhoofika, vipande vya bakteria huvuja mpaka kwenye damu, na askari wa kinga wanakesha silaha mkononi bila adui wa kuonekana. Kukesha huko ndiko wataalamu wanakoita inflamesheni ya chini kwa chini. Huna homa, huna jipu, lakini mwili unawaka, na moto huo mdogo unahusishwa na kisukari, magonjwa ya moyo na baadhi ya saratani.

Siyo makapi yote ni sawa kwa wapangaji wetu. Ng'ombe anaweza kuvunja hata yaliyo magumu. Sisi hayo yanatusaidia zaidi kwa kuongeza uzito wa choo na kukisukuma. Yale laini, yanayoteleza yakilowa, ndiyo bakteria wetu wanayoyapenda. Mojawapo ni pektini. Iko kwenye ule weupe wa chini ya ganda la chungwa, kwenye ganda la pesheni, kwenye nyama ya embe iliyogandamana na ganda. Huko ng'ambo viwanda hukamua pektini kutoka maganda ya machungwa na makapi ya tufaha yaliyobaki kwenye viwanda vya juisi, na kuiuza kwa wapika jemu wa dunia nzima. Nilipojua hivyo nilihesabu ndoo zangu za miaka 7 na kunyamaza.

Basi nikaanza, na nilianza vibaya. Mimi ni mtu wa pupa. Kesho yake tu nilisaga kila kitu: moyo wa nanasi, makapi ya machungwa, ganda la pesheni, hata kokwa la parachichi, kwa sababu mtu fulani alikuwa ameleta sokoni habari kwamba linatibu kila ugonjwa. Nikanywa glasi 2 kubwa. Mchana nikapanda kifodi kwenda Tengeru kufuata ndizi, siku ya soko, Jumatano, watu wamepangwa kama matofali. Tulipofika Sanawari tumbo lilianza kuunguruma hata konda akageuka. Kabla ya Tengeru ilibidi niombe kushushwa, na nilitembea kilomita mbili nzima chini ya migomba, peke yangu, nikiwa namshukuru Mungu kwa upepo. Ng'ombe aliyebadilishiwa chakula ghafla.

Binti wa lishe nilipomsimulia aliuma mdomo asicheke. Akanieleza taratibu: ongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na maji mengi, la sivyo makapi yatakuzibia badala ya kukufungulia. Kokwa la parachichi niliache, hakuna ushahidi wa kutosha kwamba linafaa kuliwa; parachichi lenyewe, lile tamu la Meru lenye mafuta, lina karibu gramu 7 za makapi-mlo katika kila gramu 100, nitafute nini kwenye kokwa? Ganda la pesheni mbichi nisiliguse, lina sumu ya jamii ile ya muhogo mchungu. Na maganda yoyote yanayotoka shamba linalopigwa dawa yaoshwe, au yaachwe kabisa kama sijui yametoka wapi. Hili la dawa ni kubwa huku kwetu. Kila mkulima anatembea na bomba mgongoni. Mimi leo natumia ganda la tunda ambalo namjua aliyelilima, mengine namenya nene na kumwachia ng'ombe, ingawa namwonea huruma naye.

Tena aliniambia jambo lisiloifaidi biashara yangu. “Mama, juisi bila kuchuja ni nafuu, lakini sukari ni ile ile. Tunda zima linaishinda.” Nauza juisi na ninalirudia hapa kwa kinywa changu. Mtu mwenye meno aling'ate nanasi. Meno yetu ya Arusha yana rangi ya chai kwa ajili ya floraidi iliyo kwenye maji ya mlima huu, lakini kutafuna yanatafuna.

Nilivumilia miezi 4, nikaona nafuu, nikalegea. Krismasi ilifika, wageni, soda, mchele, nyama. Januari 2025 nilikuwa nimerudi kwenye maandazi 3 na ndoo ilikuwa imejaa tena. Watu wa ushuhuda huwa hawasemi sehemu hii. Wanatoka gizani wanaingia nuruni kwa siku moja. Mimi nilitoka, nikarudi, nikakaa huko kama mtu aliyesahau funguo.

Kilichonirudisha ni habari kutoka Moshi, kilomita 80 tu kutoka hapa. Mwezi wa 4 mwaka huo mdogo wangu, ambaye anapenda kusoma mambo ya sayansi kwenye simu, alinijia na utafiti uliotolewa kwenye jarida la Nature Medicine. Ulifanywa na watafiti wa KCMC pale Moshi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, wakiwemo Godfrey Temba na Quirijn de Mast. Walichukua vijana wa kiume 77 wenye afya, wa mjini na wa vijijini mkoani Kilimanjaro. Wanaume tupu, ndiyo, nami niliguna. Waliozoea chakula cha kijijini, ndizi, maharage, ulezi, mboga za majani, wakapewa kwa wiki 2 chakula cha kizungu: mkate mweupe, soseji, vya kukaanga. Waliozoea chakula cha mjini wakapewa cha kijijini. Kundi la tatu likanywa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, mbege, kwa wiki 1. Wengine 10 wakaachwa wale kama kawaida yao, ili kuwe na cha kulinganishia.

Wiki 2. Mimi nilidhani mambo haya huchukua miaka. Wale waliohamia chakula cha kizungu, protini za uvimbe ziliongezeka kwenye damu na seli zao za kinga zikawa zinashindwa kuitikia vizuri zilipokutanishwa na vijidudu. Waliohamia chakula cha kijijini, na wale wa mbege, uvimbe ulipungua. Na walipopimwa tena wiki 4 baada ya kumaliza, baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo. Watafiti hao hao walikuwa wameshaonyesha mwaka 2021, kwa kupima Watanzania 323 wenye afya, kwamba anayeishi mjini damu yake ina dalili za kuwaka kuliko wa kijijini, na chakula kina mkono katika hilo.

Nilimwuliza mdogo wangu mara 3 kama kweli ni Moshi. Miaka yote nimesikia tafiti za Wamarekani na panya. Hawa walikuwa watu wanaokula ninachokula, wanaonunua sembe ninayonunua. Chakula kilichowatuliza hakikutoka duka la dawa; ni kile bibi yangu wa Akheri alichokuwa anapika bila kuuliza mtu.

Kuhusu mbege nieleweke. Imetengenezwa kwa ndizi na ulezi, imechachushwa, ina makapi na ina bakteria, na utafiti unaiheshimu. Ni pombe pia, na mimi ni Mlutheri wa Meru, mume wangu mzee wa mtaa. Sitaandika hapa kwamba watu waende kilabuni kutibu tumbo. Tunayo loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, na maziwa mgando yenyewe kwenye kibuyu. Hakuna sinodi itakayonihoji kwa loshoro.

Nikamwendea bibi mwenyewe, ana miaka 80 na zaidi, angali anapanda kwenye kihamba chake cha migomba kwa miguu. Nilimsimulia Moshi, bakteria, kitambaa changu. Alinisikiliza akimenya ndizi mshare, akauliza swali moja.

“Mjukuu wangu, unamlisha ng'ombe nanasi na wewe unakunywa maji yake?”

Ndiyo, bibi.

“Na ni wewe uliyekwenda shule.”

Safari hii nilianza kwa kijiko. Kijiko 1 cha makapi ya nanasi kwenye uji wa ulezi, kwa wiki nzima. Halafu 2. Makapi yanayozidi nayatandaza juu ya chekecheo safi, nayafunika kwa wavu dhidi ya inzi, yanakauka juani kwa siku 2 au 3 kama ni kiangazi. Masika hayakauki, yanaota ukungu, usijidanganye. Yakikauka nayasaga kuwa unga na kuuchanganya kwenye chapati, sehemu 1 kwa 6. Ukizidisha chapati inakatika kama udongo wa Ngaramtoni. Sembe nikaiacha, nikarudi kwenye dona, na hapo ndipo vita ilipokuwa, maana mume wangu alisema dona ni chakula cha shule ya bweni. Alikula wali siku 5 kwa hasira. Ya 6 alirudi. Kiporo cha maharage, ambacho nilikuwa nakionea aibu mbele ya wageni, nikakirudisha mezani asubuhi kwa heshima: wanga uliopikwa ukapoa, sehemu yake hugeuka kuwa sugu, haimeng'enywi juu, inashuka nzima mpaka kwa wapangaji. Ndizi mbichi nazo zina wanga wa namna hiyo. Mtori wa kiporo basi ni karamu yao.

Nilipoanza kupendezwa nikakuta wengine walishatembea njia hii, na kwa aibu ndogo kuliko yangu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, hakuona haya kuzungumzia choo mbele ya mtu yeyote. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo: wanavijiji wa Uganda walikuwa wakitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kiliwapitia kwa siku moja na nusu, mabaharia wa Uingereza waliopimwa walitoa gramu 100 hivi, na chakula kilikaa ndani siku 3 na zaidi. Burkitt aliona kwamba maradhi yaliyojaa hospitali za kwao, bawasiri ikiwemo, hakuyakuta kwa wingi vijijini Uganda, akayahusisha na makapi yaliyotolewa kwenye chakula. Alisema hivyo kabla watu hawajajua sana habari za bakteria wa utumbo. Mimi nikisoma namba zile nilijikuta upande wa mabaharia.

Na jirani zetu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaokula ubuyu, mizizi, matunda ya porini, asali na nyama, wamekuwa wakitembelewa na wanasayansi wa dunia kwa sababu ya kilicho matumboni mwao. Inakadiriwa wanapata gramu 100 hadi 150 za makapi-mlo kwa siku. Utafiti wa mwaka 2017 katika jarida la Science ulionyesha bakteria wao hubadilika kwa majira, baadhi hupotea masika na kurudi kiangazi, kufuatana na chakula. Bakteria wao wengi hawaonekani kabisa kwa watu wa miji ya Ulaya na Marekani. Tunawapeleka watalii kuwapiga picha. Labda tungewauliza walikula nini.

Sasa matokeo, kama mtoa ushuhuda anavyopaswa. Wiki ya 3 nilianza kupata choo kila siku, asubuhi, bila vita. Bawasiri haijarudi kutoa damu tangu Juni 2025. Tumbo la jioni limepungua, sketi inafungwa. Nimepungua kilo 6. Novemba nilipimwa tena: sukari imeshuka, na kile kipimo cha uvimbe kikarudi kwenye kiwango cha kawaida. Magoti bado yanalalamika mwezi wa 7, kwa hiyo baridi ya Arusha nayo haikuwa imesingiziwa kabisa. Daktari alinikumbusha kwamba katika miezi hiyo niliacha soda pia, nikaacha chipsi, na kilo 6 zenyewe zinapunguza uvimbe. Ni kweli. Siwezi kukuambia ni kijiko kipi kilifanya nini. Mtu mmoja si utafiti. Wale 77 wa Moshi ndio utafiti.

Kibandani nimeweka majagi mawili: iliyochujwa na isiyochujwa, bei moja, Sh 1,000. Mwanzoni isiyochujwa walinunua mafundi wa gereji tu, wakisema hiyo angalau inashiba. Mama mmoja alirudisha glasi akaniambia juisi yangu ina takataka. Leo katika kila glasi 10, 4 ni za isiyochujwa. Vipande vya nanasi kwenye kikombe, na moyo wake, vinakwisha kabla ya saa 8. Kitambaa changu cha kujivunia kinafunika maziwa.

Aliyepata hasara ni mfugaji. Ndoo inajaa Jumatano na Jumamosi tu, na nusu yake ni maganda. Wiki iliyopita alisimama na pikipiki, akaitazama, akaitikisa.

“Dada, kwa hiyo sasa unashindana na ng'ombe?”

Maziwa yameshuka kutoka lita 2 hadi lita 1.